Popo Shuka na Saa ya Dakika Kumi

4 Februari

Mwanangu Chechele,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linabisha hodi kila nikipanda ngazi, nami silifungulii. Wewe je, hujambo? Unakula? Usiniambie "nakula" kama ulivyokuwa ukiniambia ulipokuwa shule ya bweni huku mashavu yameingia ndani.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Miaka miwili na miezi mitatu si michache. Nimeandika kwa sababu simu naiogopa. Kwa simu ningeanza na salamu nikamaliza na ugomvi, kama siku ile. Karatasi inanyamaza mpaka nimalize.

Siku ile nilikuambia maneno. Uliacha masomo ya famasi mwaka wa tatu, ukaenda kuchora mazimwi wa kwenye simu, nami nikasema usiniite shangazi mpaka upate kazi ninayoweza kuitaja mbele za watu. Maneno yakitoka hayarudi mdomoni, wala sitajidai kuyarudisha. Lakini nataka ujue nilichofanya.

Hapa chumba cha kufulia cha hospitali tuko wanawake saba. Mmoja, wa pasi ya mvuke, tunamwita Bi Pasi. Kila chai ya saa nne anainamia simu yake, anacheka peke yake. Mwezi uliopita nikamwuliza, "Unacheka na nani?" Akasema, "Na kobe wangu. Mtazame alivyo na usingizi." Nikatazama. Juu ya huyo kobe pameandikwa Zizi la Ajabu. Chai ikanipoa mkononi. Si ndio mchezo wenu huo?

Akaniwekea na mimi. "Ni bure," akasema. Nikamwambia mimi bure naiogopa kuliko deni. Akacheka: "Kuna duka humo ndani, lakini hakuna anayekushika mkono. Ukitaka nunua, hutaki lisha mazimwi wako ukalale."

Basi nikaingia kama mkaguzi. Nilitaka kukijua hicho kitu kilichokutoa kwenye dawa. Sasa nina mazimwi kumi na wanne, sijatoa hata senti. Nawatafuta msituni, nawalisha, wanakua, wanapigana na wa wenzangu. Yupo kinyonga mmoja ana kwikwi. Kila ikimkamata anabadilika rangi asiyoitaka. Nilicheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni.

Nina swali moja tu. Yule kinyonga ni wako?

Shangazi yako

*

13 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, na mashavu yapo. Goti lipelekee daktari. Uko hospitalini humo humo, usisubiri mpaka livunje mlango.

Barua yako niliikuta kwenye meza ya mapokezi. Niliujua mwandiko kabla sijaigusa. Nilikwenda kuisomea kwenye ngazi za dharura, maana kule hapiti mtu.

Kinyonga ni wangu. Nilimchora wiki ya kwanza kazini, nikiwa na hofu ya kufukuzwa. Hofu hunipa kwikwi, unajua. Wakampenda.

Kwa kuwa umeingia kama mkaguzi, nikupe taarifa. Wachoraji tuko watano, chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Zimwi mmoja hunichukua mwezi mzima: kwanza penseli, halafu rangi, halafu naonyesha anavyotembea, anavyolala, anavyokasirika. Mwenzangu anampa sauti. Kisha anaingia msituni, na watu nisiowajua wanamlisha kabla ya kwenda kazini. Sikuwahi kufikiri mmoja wao atakuwa wewe.

Nakutumia kitu, usimwonyeshe mtu. Ni mchoro wa bawa. Namchora zimwi mpya, Popo Shuka, ambaye mabawa yake ni mashuka. Nimekwama. Kila mtu anasema limependeza, mimi naona limekufa.

Na jambo dogo: humo dukani vitu vinanunuliwa kwa lulu. Naweza kukuwekea lulu za kutosha kutoka huku kazini, bila gharama. Sema tu.

Mwanao,
Chechele

*

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na salamu za hapa ni njema. Goti nimelipeleka. Daktari kaniambia nipunguze kusimama. Nikamwuliza mashuka nitayakunja nimelala?

Lulu zako baki nazo. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nalisha mazimwi wangu kila siku, napata lulu sita, naziweka. Hainiumi kusubiri. Wanaoniumiza ni wanaosema hawawezi kusubiri.

Sasa bawa. Nimelitazama siku nne. Mwanangu, shuka hilo limelowa juu na kukauka chini. Hakuna shuka la namna hiyo duniani. Maji hushuka. Likitoka mashineni, pindo la chini ndilo zito, linavuta, na mikunjo inasimama wima kama mistari ya daftari. Likikauka, pindo linakuwa jepesi, linakamata upepo kwanza, halafu katikati inafuata kwa uvivu. Wewe umechora katikati ikienda mbele na pindo likifuata. Ndiyo maana limekufa.

Nimekuwa nikikunja mashuka miaka ishirini na sita. Tunasimama wawili, uso kwa uso: vuta, kung'uta, kutana. Ukiling'uta vizuri linalia "pwaa!" Mwambie huyo mwenye sauti. Bawa la popo wako likifunguka liseme "pwaa", lisiseme "fyuu" kama la ndege wa kawaida.

Humo naitwa Mama Foronya, na mazimwi wangu sasa hamsini na wawili. Wanawake wote saba tunacheza, hata msimamizi, ingawa anajificha nyuma ya toroli.

Shangazi yako

*

19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na asante, asante tena.

Nililichora upya kwa siku mbili. Pindo kwanza, katikati kwa uvivu. Nilipoliwasha kwenye skrini, bawa likafunguka, na mwenzangu wa sauti akaweka ile "pwaa" aliyoirekodi kwa shuka lake mwenyewe kwenye korido. Chumba kizima kiligeuka. Mchoraji wetu mkubwa, ambaye husifu mara moja kwa mwaka, aliuliza, "Umejifunza wapi kitambaa?" Nikasema kwa mtu anayekijua. Akasema, "Mtu huyo anafaa kulipwa."

Nililelewa na fundi mkubwa kuliko wote waliomo humu ndani, nami nilikuwa nikimwona kila jioni anakunja, nikadhani ni kazi za nyumbani tu.

Popo Shuka atatoka Juni, kwa siku kumi. Hatapatikana msituni. Atakuwa ndani ya masanduku ya bahati, yale ya lulu mia moja. Ukifungua sanduku huenda ukamkuta, huenda ukakuta kobe. Si mimi niliyeamua. Nakuambia mapema ili uhesabu lulu zako.

Mwanao,
Chechele

*

21 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Huku hatujambo, ila leo salamu zangu ni fupi kwa sababu nina jambo.

Nilikuwa na lulu mia tisa. Masanduku tisa. Jumatatu, chai ya saa nne, wenzangu wakanizunguka kama wanaotazama mtu akijifungua. Nikafungua la kwanza: kobe. La pili: kobe. Bi Pasi akasema, "Bismillahi, badilisha kidole." Nikabadilisha. Kobe. Mpaka la tisa, kobe watano, mjusi mmoja, na takataka nyingine ninazo tayari. Sikuumia. Nilikuwa nimecheka na wenzangu, na lulu zilikuwa za bure.

Ndipo skrini ikawa giza. Likatokea dirisha. "Usimwache! Nusu bei, dakika kumi tu." Na saa. Mwanangu, saa ile! Inarudi nyuma, tena inadunda kama moyo. Kwanza taratibu, kisha mbio. Na nyuma yake macho mawili ya popo wetu, yananitazama kama mtoto aliyesahauliwa kituoni.

Kidole changu kilikwenda chenyewe. Nasema kweli. Mimi ambaye nikipita sokoni wauzaji hunikimbia, kidole kilikwenda. Nikaitupa simu ndani ya pipa la foronya chafu, nikaketi juu ya kifuniko mpaka dakika kumi zikaisha. Wenzangu walicheka mpaka chai ikawatoka puani.

Bi Pasi hakucheka. Naye alikuwa na dirisha lake. Akanunua, akanunua tena. Masanduku ishirini na matatu. Akampata Popo Shuka. "Pwaa!" ikasikika, tukapiga vigelegele. Lakini yeye akaizima simu, akarudi kwenye pasi yake. Nilipomfuata alisema, "Fedha si tatizo sana, dada. Nitajibana. Tatizo ni kwamba nilikuwa najiona, na sikuweza kuacha. Nina miaka hamsini na moja."

Popo ni mzuri. Bawa liko hai, nilitaka kulishika. Hilo nakusifu mbele ya mtu yeyote.

Lakini nataka kumjua aliyetengeneza saa ile. Mtu huyo anawajua binadamu. Ana akili kubwa, na anaipeleka pabaya. Ungekuwa unamfahamu, ningependa nikae naye dakika kumi tu.

Shangazi yako

*

2 Agosti

Mwanangu,

Natumai u mzima. Barua yangu ya Juni uliipata? Au nimekuudhi? Kama ni ugonjwa, sema. Kama ni hasira, sema pia, tulishakosana zamani tukapona. Kimya ndicho sikijui dawa yake.

Shangazi yako

*

27 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Siumwi. Sina hasira nawe.

Saa ile ni mimi niliyeichora.

Nimeandika mstari huo mara nyingi tangu Juni, nikauchana. Mficha uchi hazai, ndivyo ulivyokuwa ukiniambia nikivunja kikombe na kukificha. Basi sikiliza.

Mwezi Mei walinihamishia upande wa duka, kwa ajili ya Popo Shuka. Mkuu wa Duka ni kijana mpole, hanyanyui sauti. Alisema anataka dirisha ambalo mtu hataweza kuliondokea. Nikakumbuka moyo unavyodunda mtu anapokaribia kuachwa na basi, nikaifanya saa idunde hivyo. Yale macho ni wazo langu pia. Nilipoonyesha, walipiga makofi. Nikapewa nyongeza ya mshahara, wakaniambia nibaki dukani moja kwa moja. Nilifurahi, Shangazi. Nilikuwa nimepanga kukuandikia nijisifu.

Barua yako ikanifikia kabla sijaanza. Nilikuwa na majibu mengi ya kujitetea. Kwamba kununua ni hiari. Kwamba wengi hawatoi kitu, wanacheza bure miaka, na wanacheza bure kwa sababu wapo wachache wanaolipa. Yote ni kweli, na mshahara wangu unatoka humo. Lakini kila nikiandika jibu, namwona mwanamke amezima simu anarudi kwenye pasi yake.

Julai nilipendekeza saa itolewe. Mkuu wa Duka akauliza kwa upole, "Kwa nini kuondoa kitu kinachofanya kazi?" Nikarudi kwenye meza yangu. Agosti nikarudia. Akasema nilete ushahidi, nisilete huzuni.

Ulitaka kukaa na mtu huyo dakika kumi. Kila Jumapili ulikuwa ukinisuka nywele saa tatu nzima. Umeshakaa naye.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Chechele

*

6 Oktoba

Mwanangu. Naanza na hilo ili usisome barua nzima roho juu.

Nimeisoma yako mara tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilikwenda kukunja mashuka ya chumba cha upasuaji, yote, peke yangu. Ya tatu nikakuheshimu. Wangapi wangesema "sijui, aliyeichora ameshaacha kazi"? Ningeamini. Nisingejua mpaka naingia kaburini.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nguo ndizo kazi yangu, hata hivyo sikukuona.

Sasa usiache kazi. Najua unawaza hivyo, wewe na kuacha mnajuana. Safari ile uliacha nikakufukuza. Safari hii nakuambia kaa. Unajua doa la damu? Mgeni wa kazi akiliona analipiga maji ya moto, kwa papara. Damu inapikika, inashika uzi, halitoki tena maisha. Sisi tunatia maji baridi, tunaliacha, tunarudi, tunatia tena. Mkutanoni usiende na maji ya moto. Mkuu wenu anaonekana si mtu mbaya, ni mtu ambaye hajaonyeshwa.

Bi Pasi sikumsomea barua. Nilimwambia tu kwamba aliyechora saa ile anajuta. Akafikiri, akasema, "Mwambie alichora vizuri mno. Angechora ovyo ningeokoka."

Wewe ni fundi. Mimi sikulijua hilo miaka miwili, nikakuadhibu kwa ujinga wangu. Hilo nami nalijutia, basi tuko sawa.

Shangazi yako

*

1 Novemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za goti, na za toroli la msimamizi?

Kaa chini kwanza. Kampuni inawaita wachezaji kumi ofisini, tarehe ishirini, nauli juu yao, waulizwe maswali. Sikupeleka jina lako, naapa. Walitaka watu waliolisha mazimwi wao kila siku bila kuruka na ambao hawajawahi kununua kitu, kwa sababu Mkuu wa Duka anataka kuwaelewa. Kompyuta ikatoa orodha. Nikaona namba tatu: "Mama Foronya, siku mia mbili na themanini na tano." Nikaangusha kikombe.

Njoo. Utalala kwangu. Nina godoro zuri na shuka moja lililokunjwa vibaya.

Mwanao,
Chechele

*

8 Novemba

Mwanangu,

Nitakuja. Msimamizi kanipa ruhusa siku tatu, na orodha ya malalamiko yake mwenyewe kuhusu mjusi wa radi.

Nina sharti moja. Wasijue kwamba wewe ni wangu. Wakijua watanipa kiti kizuri, watanisifu, na hawataniuliza la kweli. Nitakuita "binti", nawe niite "mama" kama unavyomwita mteja yeyote. Usinipokee begi mbele yao, na usinitazame sana. Uso wako hauna pazia.

Shangazi yako

*

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka ambao umeshakuwa mkubwa. Mimi ni mzima. Najua nimechelewa, na safari hii nilichelewa kwa makusudi. Kuna jambo lilitokea siku ile ofisini ulipokuwa haupo chumbani. Jioni yake, tulipokaa kwangu, lilinifika mdomoni mara mbili nikalimeza. Nilitaka kwanza nijue mwisho wake, nisije nikajisifu kwa mvua ambayo haijanyesha.

Unakumbuka Mkuu wa Duka alivyokuuliza: "Mama, umekaa nasi karibu mwaka. Kwa nini hujanunua hata kitu kimoja? Vitu vyetu ni vibaya?"

Ukavua miwani, ukaiweka mezani. "Vitu vyenu vizuri sana," ukasema. "Nikikaa na yule kinyonga nasahau miguu inayoniuma. Ila hamjawahi kuniuliza nikiwa na furaha. Nikishinda, siwaoni. Nikianguka tu, mpo mlangoni na saa mkononi. Duka gani linalosubiri mteja ajikwae?"

Kisha ukaomba kwenda kunawa mikono, ukatoka.

Hukuona kilichofuata. Wale wachezaji wengine walikuwa wakiitikia kwa vichwa polepole, hata yule mzee dereva aliyekuwa akisinzia. Mkuu wa Duka akageuka upande wetu, akasema, "Saa ile ndiyo iliyonunua kompyuta mnazotumia. Nataka mkumbuke hilo. Lakini mama yule akirudi, nani atamjibu?"

Nikasimama. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeichora. Nilitafuta mahali mtu anapoumia, nikaweka kidole hapo hapo, mkanipigia makofi. Naomba niitoe kwa mkono wangu. Mapato yakianguka, anzeni kukata nyongeza yangu ya mshahara."

Mchoraji mkubwa akanitazama. "Unazungumza kama yule mama."

Nikasema, "Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea. Bawa la Popo Shuka ni lake."

Sharti lako nikawa nimelivunja, nisamehe. Mkuu wa Duka alifunika macho kwa kiganja, mabega yakatikisika. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka. Akasema, "Miezi miwili. Saa itoke. Na nafasi ya kumpata kila zimwi iandikwe wazi, kwa tarakimu kubwa, hata asiye na miwani aone. Halafu tuhesabu." Akatuonya sote tusikuambie, usije ukadhani ni kwa kukuridhisha. Ndipo ukaingia, ukakuta tumenyamaza kama watoto waliovunja dirisha.

Desemba mapato yalianguka. Si kidogo. Wenzangu wa dukani wakaanza kula chakula cha mchana meza nyingine. Nilikunywa chai peke yangu wiki tatu. Januari ikapanda, haikufika pale ilipokuwa na saa, lakini tukaona kitu kingine: watu waliokuwa wakiondoka hawakuondoka. Na wengi ambao hawajawahi kununua walinunua vitu vidogo vidogo. Juzi wakuu wa kampuni wakapiga kura. Wanne dhidi ya watatu. Saa haitarudi.

Nami nimeomba kurudi kwenye uchoraji. Nyongeza imekwenda na maji. Mkuu wa Duka alinishika mkono akasema hajapata kumwona mtu anayeshinda kura halafu anaomba mshahara mdogo. Nikamwambia nina kobe mmoja ambaye hajachorwa usingizi wake sawasawa.

Haya yote yametokana na wewe. Nilitaka ulijue.

Mwanao,
Chechele

*

17 Februari

Mwanangu Chechele,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mia. Hapa wote wazima. Goti limepata dawa ya kupaka inayonuka kama betri, sasa hakuna anayekaa karibu yangu wakati wa chai.

Umesema yote yametokana na mimi. Acha maneno hayo. Mimi nilisema nikaondoka. Kusema na kuondoka ni rahisi. Aliyebaki chumbani ni wewe.

Nikupe habari za duka lenu, kwa kuwa mkaguzi hajastaafu. Wiki jana nilimshinda msimamizi, mjusi wake akapigwa mpaka akazimia. Skrini ikaniambia, "Hongera. Ukipenda, dukani kuna vitu." Basi. Hakuna saa. Nikaingia polepole na kikombe mkononi. Popo Shuka nilishampata kwa lulu zangu mwenyewe, mlipomrudisha mwezi uliopita, niliona nafasi imeandikwa, nikahesabu, nikasubiri. Nikanunua kitu kimoja: kamba ya kuanikia. Popo huning'inia hapo akalala, pindo likipepea kwanza, katikati ikifuata kwa uvivu. Si ghali, ni bei ya mkate. Wenzangu wakauliza, "Kulikoni leo, Mama Foronya?" Nikawaambia kazi ina ujira wake, na aliyechora pindo lile ni mwanangu. Nikawatajia kazi yako kwa jina lake kamili, toka mwanzo, na Bi Pasi alikuwapo. Akaniuliza, "Na saa?" Nikasema, "Na saa. Na ndiye aliyeitoa." Akamalizia chai yake, akaniambia nikuletee salamu, nawe uzipokee kwa mikono miwili.

Sasa nami nikuambie ambalo hulijui.

Siku ile sikunawa mikono. Nilipofika katikati ya korido nikakumbuka miwani imebaki mezani, nikarudi. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Nilikuwa nimeshainua mkono kuusukuma nikakusikia: "Mimi ndiye niliyeichora." Mkono ukabaki hewani. Nilisikia ulipotaja mshahara wako. Nilisikia uliponitaja mimi. Yote niliyasikia, mpaka yule kijana alipocheka.

Nikaenda maliwatoni nikasimama mbele ya kioo. Alikuwamo mama wa usafi, ana ndoo yake. Akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia sabuni yenu kali, imeniingia machoni. Akatazama sinki. Lilikuwa kavu kabisa. Akanikatia karatasi ndefu, akaenda kupiga deki upande wa pili ili nisione haya.

Kisha nikarudi, nikachukua miwani, nikajifanya mgeni. Jioni yake nilikuona unameza maneno, nami nikakuacha. Nilitaka habari ile uniletee wewe mwenyewe.

Umeileta. Nimeisoma kwa sauti, peke yangu, kama vile siijui.

Shangazi yako